Kofia ngumu ifungwe mkanda, na abiria apewe yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze uchungu wangu juu ya vifo vya waendesha pikipiki. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 1.19 walipoteza maisha barabarani mwaka 2021, na takriban mmoja kati ya kila watano alikuwa kwenye chombo cha moto cha magurudumu mawili au matatu. Jumla ya vifo imepungua kidogo tangu 2010, lakini nafuu hiyo isitulaze usingizi, kwani pikipiki zinazidi kuongezeka.

Utafiti umeonyesha kuwa kofia ngumu hupunguza uwezekano wa mwendeshaji kufa ajalini kwa takriban asilimia 42. Hata hivyo, tunaziona zikining'inia kwenye usukani, au zimevaliwa huku mkanda wa kidevuni ukipepea, hivyo kofia huchomoka kabla kichwa hakijagonga lami. Abiria, na pengine ni mtoto, hana kabisa. Naziomba mamlaka, zinaposimamisha pikipiki kukagua leseni, zikague pia mkanda huo na kichwa cha aliyepakiwa nyuma.

Msomaji wako.