Risala ya Kikundi cha Wanawake Wachimbaji Wadogo wa Dhahabu, Nyarugusu, Geita, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, meza kuu, wachimbaji wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Karibu Nyarugusu. Vumbi lililo kwenye viatu vyako ni la makarasha, mashine za kusagia mawe ya dhahabu. Usilifute upesi, huenda lina kitu.

Mheshimiwa, kabla ya 2019 tuliuzia gizani. Mnunuzi alikuja na mizani yake na bei yake. Mwaka ule soko la madini la Geita lilifunguliwa, na wachimbaji wadogo tukaondolewa kodi ya zuio ya asilimia 5 na kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 18. Tulipumua.

Sasa Benki Kuu nayo inanunua dhahabu kwa akiba ya nchi. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, wanaouza dhahabu nje ya nchi wanatakiwa kutenga angalau asilimia 20 ya dhahabu yao isafishwe na kuuzwa hapa hapa nchini. Anayeiuzia Benki analipa mrabaha, yaani malipo ya serikali kwa madini, wa asilimia 4 badala ya 6, na ada ya ukaguzi amesamehewa. Mpango huu tunaupenda. Tunachotaka ni mlango wa kuingilia.

Benki inahitaji dhahabu iliyokwisha kusafishwa. Sisi tunatoka mwaloni, tunakooshea mchanga wa dhahabu, na gramu sita, zimechanganyika na madini ya fedha, tena zina wenyewe: mwenye karasha, muuza dizeli, vijana wa duarani (shimo la kuchimbia), mwenye shamba. Wote wanadai leo. Kwa hiyo gramu zile anazichukua aliyetukopesha pampu na magogo ya kukingia duara, kwa bei aliyoitaja kabla jiwe halijapanda juu. Unafuu wa mrabaha unaishia kwa mwenye mzigo mkubwa.

Tunaomba mpango uwe na mnunuzi wake katika kituo cha ununuzi kilicho karibu nasi. Apokee hata gramu moja, apime mbele ya macho yetu, alipe papo hapo. Kukusanya na kupeleka kwenye kiwanda cha kusafishia iwe kazi yake. Pia mkataba wa kuuzia mpango ukubalike benki kama dhamana, ili pampu tununue wenyewe.

Kuhusu zebaki tunayokamatia dhahabu, Mheshimiwa, hatutakuficha: bado tunaishika kwa mikono. Semina tumehudhuria nyingi, na chai tumekunywa. Dhahabu isiyopitia zebaki ikiongezewa bei kidogo tu, wengi wataiacha zebaki.

Gramu za jana hatujaziuza. Tumezihifadhi ili baada ya risala hii utusindikize, uone zikipimwa.

Tunaomba kuwasilisha.