Kwenu mnaotaka picha za uchumba: barua ya mzee wa studio, Bombo

Wanangu na wajukuu zangu, assalaam aleikum.

Tangu Ramadhani iishe simu yangu hailali. Kila anayepiga huanza vilevile: "Mzee, tunataka picha za uchumba, shilingi ngapi?" Bei tutaongea tukikaa. Nimeona niwaandikie wote kwa mpigo, maana kurudia maneno yaleyale mara ishirini kwenye simu, bodaboda zikinguruma mlangoni, umri wangu haukubali tena. Hata kama hamji kwangu, mkaenda kwa vijana wa Kampala wenye mataa na miamvuli, someni.

Nina picha moja tu ya wazazi wangu wakiwa pamoja. Ilipigwa Kampala kabla ya uhuru. Baba amesimama, kanzu na koti, tarbushi imekaa sawa. Mama ameketi, amejifunga gurbaba, vazi la wanawake wetu wa Kinubi, uso mkavu kama aliyeitwa shaurini. Mkono wa baba uko juu ya mgongo wa kiti. Sasa ukiitazama kwa karibu, na mimi nimeitazama kwa kioo cha kukuzia, kidole gumba cha baba kimetoka kwenye kiti kikagusa bega la mama. Kidogo tu. Mama alikana mpaka kufa kwake. "Hicho ni kivuli," alisema. Mwaka 1979, Amin alipoanguka nasi tukakimbia Bombo, tukapita Arua mpaka Sudan, picha zote za nyumbani zilibaki ukutani, tukarudi tukakuta hata kuta hazipo. Hii moja ilisalimika kwa sababu ilikuwa ndani ya kopo la biskuti pamoja na sindano na nyuzi za mama. Mchwa wamekula pembe moja. Kidole wamekiacha.

Ndiyo maana mimi, mkisimama mbele yangu, siangalii nguo kwanza. Natazama mikono. Uso unafundishika, binti wa siku hizi amekwisha jipiga picha elfu kwa simu, anajua upande wake mzuri ni upi. Mikono haijui kudanganya. Wawili walioteta njiani kuhusu pesa ya teksi, nawajua kabla hawajasalimia: bwana ameshika simu, bibi ameshika mkoba, na ukiwaambia washikane wanashikana kama watu wanaovushana mtaro.

Kwa hiyo jambo la kwanza kuandaa ni maneno yenu ninyi wawili. Kaeni siku moja kabla, mbali na marafiki, mkubaliane: picha hizi ni za nini? Za kadi? Za ukumbini? Za kutuma kwenye simu za watu? Nani ataziona, na lini? Nani analipa? Nimeona mchumba akigundua palepale, mbele yangu, kwamba gharama yote ametoa yeye. Alitabasamu kwenye picha zote. Vidole vyake vilikuwa vimekunjwa ngumi.

Halafu kuna wakubwa. Najua hili mnalikwepa. Kama wazee bado hawajaenda kuposa, picha ya nini? Na kama ni kijana wetu anayeoa kwa Waganda, kumbuka kule hutambulishwi na simu, unatambulishwa siku ya kwanjula, sherehe yao ya utambulisho, ssenga, shangazi wa binti, akikutoa mbele ya baba wa binti na ukoo mzima. Baba huyo akiamka Jumatatu akute picha yako umemkumbatia mwanawe kwenye kila simu ya kijiji, na wewe hujapeleka hata kikapu kimoja, umemvua nguo mbele ya majirani zake. Mimi hili limenipata. Nilipiga picha nzuri sana, Mungu anisamehe, nikabandika moja dirishani kwangu ili nipate wateja wengine, sikuuliza. Mjomba wa binti alikuwa anapita kwenda msikitini. Posa ilichelewa miezi minne, na mimi nilikwenda kuomba radhi mara tatu, mara ya tatu nikiwa na mbuzi. Tangu siku hiyo sibandiki uso wa mtu bila ruhusa yake. Leo hata serikali inasema hivyo. Tuna sheria ya kulinda taarifa za watu tangu 2019, na uso wako ni taarifa zako. Mpiga picha akitaka kuzitumia kwa matangazo yake, aombe, nanyi mkitaka mkatae.

Waislamu wenzangu, kabla ya nikaha bado hamjahalalishiana, hilo mnalijua kuliko mimi. Msiniombe pozi za kubebana. Njooni na kaka au shangazi, akae palepale kwenye benchi, nitampa chai. Wengine hudhani picha itakuwa kavu. Si kweli. Binti anamimina chai, kijana anasogeza kikombe. Au mnatembea, kila mmoja na upande wake wa njia. Au binti amekaa mkekani anasuka ukili na bwana anajaribu kumsaidia na kuharibu. Mwaka jana niliwapiga wawili hivyo, hawakugusana hata nukta moja, na shangazi mwenyewe alipoziona alisema, "Hizi ficheni." Ilikuwa ni namna walivyokuwa wakitazamana.

Sasa jua. Hapa ndipo mnaponichosha. Mnaniambia mtakuja saa saba mchana kwa kuwa asubuhi kuna saluni. Wanangu, sisi tumekaa karibu na Ikweta. Saa saba kasoro jua liko utosini, na karibu na tarehe 21 Machi na 23 Septemba linasimama juu ya kichwa kabisa, kivuli chako unakikanyaga. Jua la namna hiyo linafanya mashimo meusi machoni, pua inaweka kivuli mdomoni, na bibi harusi mtarajiwa anafanana na mtu aliyekesha msibani. Njooni saa moja na nusu asubuhi mpaka saa tatu, au kuanzia saa kumi na nusu jioni. Na jioni msichelewe. Wazungu wanaokuja hapa na kamera hushangaa jinsi jua letu linavyodondoka wima. Kwao jioni inajivuta, kwetu ukitafuta kiatu chako tu giza limeingia. Saluni iende na saa ya jua, si jua liende na saluni.

Mvua msiiogope. Kuanzia Machi mpaka Mei, na tena kuanzia Septemba mpaka Novemba, wingu likifunika ni kama mtu amelitandikia jua shuka jeupe. Ngozi inatoka laini, hakuna anayekunja macho. Ninachoogopa mimi ni matope. Viatu virefu kwenye matope ya Bombo havina heshima. Bebeni ndala za kutembelea na viatu vya picha kwenye mfuko.

Na mwembe. Kila mtu anataka chini ya mwembe. Kivuli chake kizito kinapaka uso rangi ya kijani, na matobo ya majani yanaweka madoa ya jua, moja kipajini, moja shingoni. Mimi nitawasimamisha pembeni pale kivuli kinapokwisha, au barazani ukingoni, uso umeelekea mbingu iliyo wazi. Mtaniona mshamba. Subirini picha.

Nguo nitasema haraka. Kanzu jeupe au gomesi, lile gauni refu la kina mama wa Uganda, ya rangi ya maziwa huichanganya kamera: inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na sisi wenye ngozi nyeusi uso unazama. Mpiga picha anayejua kazi hupimia mwanga usoni. Mwambieni awaonyeshe picha alizowahi kupiga za watu weusi waliovaa nyeupe. Mkiona meno na kanzu tu, ageni mwende. Mistari myembamba ya shati inacheza kwenye picha kama maji, iacheni. Kitenge kimoja kwa wote wawili, kuanzia shingoni mpaka miguuni, mnafanana na kwaya. Mmoja avae kitenge, mwingine achukue rangi moja kutoka ndani yake. Poda isiwe nyeupe kuliko shingo. Bwana anyoe siku mbili kabla, vipele vipoe. Hina ipakwe siku mbili kabla pia, kwa sababu rangi yake hukolea baada ya siku moja au mbili. Ukipaka asubuhi ya picha itatoka rangi ya chungwa bivu. Na kucha, jamani. Pete mmenunua kwa jasho, nitaipiga kwa karibu, na kwa karibu naona pia gundi ya fundi viatu kwenye kidole cha bwana. Kama ni fundi viatu, iache gundi kama unaipenda, mimi naipenda, lakini iwe umeamua, isiwe umesahau.

Mahali. Wengi wanataka kwenda mbali. Bustani ya mimea ya Entebbe ni nzuri, imekuwapo tangu 1898, miti yake mikubwa na ziwa liko hapo chini. Ulizeni kwanza malipo ya kamera, na msifungue chapati mbele ya tumbili. Jinja kwenye chanzo cha Nile kunapendeza asubuhi. Lakini lile bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa na Malkia Elizabeth mwaka 1954, hapana. Askari wa pale hawataki kuona kamera, na uchumba wako hawaujali. Hapa kwetu Bombo mnajua wenyewe: jeshi ndilo mwenye mji. Ukuta wa kambi, geti, gari la kijani linalopita nyuma yenu, vyote visiingie kwenye picha. Na kijana asije akaniletea kamera ya kurusha angani, ile inayolia kama nyuki. Inahitaji kibali cha serikali, na mimi sina nguvu za kujieleza.

Mkiniuliza mimi, pigeni nyumbani. Mlango wa bluu wa bibi yenu mzee, mikeka, jiko la mkaa, ua ambapo watacheza doluka, ngoma yetu ya Kinubi, siku ya harusi. Bustani ya Entebbe itakuwa pale mkirudi na watoto. Mlango wa bibi sijui.

Pesa andikeni. Karatasi moja inatosha: saa ngapi tutapiga, picha ngapi mtapewa zikiwa zimesafishwa, lini, nani analipa usafiri, mvua ikinyesha tunahamishia siku gani, kianzio kiasi gani. Kianzio kikitumwa kwa simu, hifadhini ule ujumbe. Semeni pia mapema kama hamtaki kuchubuliwa rangi kwenye kompyuta. Kuna vijana wanadhani kumfanya mtu mweupe ni zawadi. Na mkipewa picha kwa WhatsApp tu, hamjapewa kitu. Ile inabana picha ili ipite upesi. Kwenye simu inapendeza, ukiipeleka kuchapisha bango la ukumbini nyuso zinakuwa vigae. Dai zile kubwa, kwenye flashi. Kisha chapisheni hata tatu kwenye karatasi, moja kwa wazazi wa bwana, moja kwa wazazi wa bibi, moja kwenye kopo lenu la biskuti.

Nimalizie na aibu yangu, kwa kuwa nimewaamrisha sana. Enzi za filamu nilipiga wawili waliojiandaa kuliko nyote: suti ya kuazima Kampala, gauni, maua ya plastiki, hata mwamvuli. Nikapiga zote 36. Nikaingia chumba cha giza, nikatoa filamu kwenye dawa, nyeupe tupu. Haikushika kwenye meno ya kamera, ilikuwa haizunguki, na mimi nilibonyeza mara 36 kama mwehu. Suti ilikwisha rudishwa. Walikuja tena baada ya wiki, bwana na shati la kazini, bibi ametoka kukaanga mandazi, unga uko mpaka kwenye kiwiko. Nilikuwa naona haya, wao wakaanza kunicheka, wakacheka mpaka wakashikiliana wasianguke. Nikapiga hapohapo. Mimi kwangu hiyo ndiyo picha bora niliyowahi kupiga, iko studioni, kwa ruhusa yao, njooni muione.

Yule bibi sasa ana wajukuu sita. Kila tukikutana sokoni hunisalimia vizuri, huniulizia magoti yangu, halafu hunishika mkono na kuniuliza: "Mzee, zile zangu za gauni ziko wapi?"

Jumamosi hii nina hitma, sipo. Nitafungua Jumapili saa moja asubuhi.

Mzee wenu wa picha,
Bombo