Usanifu si mali ya wachora majengo peke yao

Ndugu Mhariri,

Mchangiaji wenu mmoja ameandika kwamba mwanafunzi wa uhandisi anapoteza muhula akisoma usanifu, eti hiyo ni kazi ya wachora majengo na wapambaji. Mimi ni mtu wa mitambo, na napinga.

Kusanifu si kupamba. Herbert Simon, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978, alishaandika mwaka 1969 kwamba yeyote anayepanga namna ya kuitoa hali ilipo na kuifikisha inapotakiwa, huyo anasanifu. Kwa kipimo hicho hata daktari anayemwandikia mgonjwa dawa yumo.

Tazama fimbo ya chuma tu. Mwaka 1981, mjini Kansas City, Marekani, madaraja mawili ya waenda kwa miguu yaliyoning'inizwa ndani ya ukumbi wa hoteli yalianguka, la juu likilalia la chini. Walikufa watu 114. Mchoro wa awali ulikuwa na fimbo ndefu zilizoshuka kutoka darini na kupita madaraja yote mawili. Fimbo ndefu namna hiyo, yenye hesi (mikato ya kufungia nati), ni kero kuitengeneza na kuifunga, basi zikagawanywa: fimbo za kwanza zikashika daraja la juu, za pili zikalitundika la chini kwenye hilo la juu. Kwenye karatasi ni badiliko dogo. Lakini nati iliyokuwa ibebe daraja moja sasa ilibeba mawili. Ni kama watu wawili wanaoning'inia kwenye kamba, halafu wa chini aambiwe aiachie ashike miguu ya mwenzake.

Muulize mwandishi wa programu za kompyuta kama hajawahi kuliona kosa hilo, la kubadilisha kitu bila kuangalia kinachokitegemea, kwenye kazi yake. Atacheka, kisha atanyamaza.

Sitaki shahada ya kugusagusa kila kitu. Hesabu za mhimili lazima mtu azitoe jasho. Nataka darasa moja ambamo wa majengo, wa mitambo, wa umeme na wa programu wanainamia mchoro mmoja, na kila anayebadilisha kitu anaulizwa ni nani mwingine anakitegemea.

Nilikosoma mimi, tulikutana siku ya mahafali. Katika kazi yangu ya kwanza nilipitisha bomba la hewa palepale mwenzangu wa umeme alipopitisha nyaya zake. Kila mchoro, peke yake, ulikuwa sahihi, na yote miwili ilikuwa imeshasainiwa.

Wenu,
Mhandisi wa mitambo