Kaka, ule mwiko niliuokota

Kaka, shikamoo.

Simu zangu hupokei, na ujumbe wa Pasaka uliusoma ukanyamaza. Mwanao mdogo husoma ninayoandika hapa, basi nimeona niandike hapahapa. Wengine watakaopita watatusamehe.

Vuli imeanza. Juzi nilivuka daraja la Sabaki nikaona maji yamegeuka rangi ya tofali, yanashuka kwa kishindo kwenda baharini, nikamwomba dereva anishushe ng'ambo ile. Nilikaa kando ya barabara karibu saa nzima nikilia. Si mama niliyekuwa nikimlilia, ni wewe uliye hai.

Sijasahau lile la mwiko. Ulifika saa nne asubuhi, suruali imerowa hadi magotini, maana daraja la Mbogolo lilikuwa limekatika ukalazimika kulala Kilifi usiku ule mama aliolala mochari. Nilikuwa nyuma ya nyumba chini ya mkorosho, nakoroga uji wa waliokuja matangani, kwenye sufuria ileile ya uji wa watoto wa Jumamosi. Nilipokuona nikaacha kukoroga, nikidhani unakuja kunikumbatia. Ukaninyang'anya mwiko. Ukasema kwa sauti ya kusikika hadi njiani: "Mtu ye yote asiyewatunza walio wake, yaani, wale wa nyumbani mwake hasa, ameikana Imani, tena ni mbaya kuliko mtu asiyeamini." Kisha ukautupa mwiko majivuni ukaingia ndani. Akina mama wa kanisa waliokuwa wakimenya viazi wakainamisha vichwa. Uji ukaanza kushika chini. Harufu ya kuungua naisikia, na kuinama siwezi.

Mstari ule naujua, kaka. Paulo alikuwa akimwandikia Timotheo habari za wajane: nani awatunze, watoto wao au kanisa. Na mama alikuwa mjane. Ungechagua mstari mwingine wowote ningekujibu palepale.

Sasa nakujibu. Ni nani aliyelala naye chumba kimoja tangu tumzike baba? Ni nani aliyejua kwamba vidonge havimezi mpaka apewe kipande cha muhogo? Wewe ulituma pesa kila tarehe tano, sikatai, na hukukosa hata mwezi mmoja. Mama alikuwa akinisomesha ile meseji mara mbili kabla ya kuifunga simu kwenye pindo la leso. Lakini pesa haimgeuzi mtu ubavu usiku. Nilimgeuza mimi.

Asubuhi ya siku aliyokufa alisema kifua kinambana kidogo. Nikamwambia basi siendi. Akasema, "Nenda. Wale wa Magarini wamelala nje na watoto, mimi nimelala kitandani." Mto ulikuwa umevunja kingo, watu wamekimbilia mwinukoni na kuku na magodoro, nasi kanisani tulikuwa tumepata magunia mawili ya unga na blanketi. Nikaenda. Hayo ndiyo niliyowaambia watu wote, na ni kweli. Ambalo sijamwambia mtu ni kwamba nilipogeuka langoni nilimwona ameushika mwimo wa mlango kwa mikono miwili, na mama yetu hakuwa mtu wa kushika mwimo. Nilimwona, kaka. Nikaenda. Simu yangu ikazima saa sita. Jirani yetu Mwislamu wa mlango wa pili ndiye aliyempakia kwenye tuktuk, na kichwa cha mama kilikuwa mapajani pake alipokata roho. Wewe ulipiga mara 19. Nilizihesabu baadaye.

Kwa hilo una haki ya kunikasirikia. Huna haki ya kuukasirikia uji.

Uji ule haukuwa wangu. Mwaka 2020, hoteli za hapa Malindi zilipofungwa kwa korona na Waitaliano wakarudi kwao, waliokuwa wakitandika vitanda na kuosha vyombo huko walirudi majumbani mikono mitupu. Mama alimwona mtoto wa nyumba ya pili akishinda na embe bichi na chumvi, asubuhi mpaka jioni. Jumamosi hiyo akapika kopo moja la unga. Walikuja watoto saba. Na mwezi wa saba, vizuizi vya safari vilipoondolewa, ni nani aliyekuja na jiko la nondo la miguu mitatu kutoka Changamwe kule Mombasa, amelipakata kwenye basi kama mtoto? Ulilichomelea kwa mikono yako. Uliwapakulia mwenyewe siku ile, na ulikuwa ukicheka.

Kisha ikaja Aprili 2023, habari za Shakahola. Miili ikafukuliwa msituni siku baada ya siku mpaka ikapita 400, watu walioambiwa na mhubiri wao wafunge hadi kufa ili wakamwone Yesu. Ukapiga simu: "Mwambieni mama aachane na watoto wa watu, tutaonekana sisi ni walewale." Ni kweli wazazi wawili waliwakataza wanao kuja, na sikuwalaumu, msiba ule ulikuwa umelala mlangoni petu. Mama hakukujibu. Alinituma Biblia, akataka Luka 24, pale Bwana aliyefufuka anapowauliza wanafunzi, "Mna chakula cho chote hapa?" wakampa kipande cha samaki wa kuokwa, naye akala mbele yao. Akasema, "Huyu ndiye ninayemjua mimi. Ametoka kaburini anaomba chakula." Jumamosi iliyofuata akaongeza kopo la pili.

Nakijua kilichokuchosha. Yule kijana uliyemfundisha kazi ukamlipia na chumba, akaondoka usiku na mashine yako ya kuchomelea. Tangu hapo neno lako likawa moja, asante ya punda ni mateke. Kila nikikuomba mchango wa unga unanitumia 2 Wathesalonike 3:10, mtu asiyetaka kufanya kazi na asile. Kaka, Paulo anasema asiyetaka. Hamtaji aliyeitafuta akaikosa, sembuse mtoto wa miaka sita. Tena ukishuka aya tatu tu, baada ya kuwakemea wavivu, anawageukia wale waliochoshwa nao: "Lakini ninyi, ndugu, msikate tamaa katika kutenda mema." Aliyeandika hivyo alijua kuna watu wanaibiwa kwa wema wao. Alikuwa akisema nawe, na mashine yako imekwenda, na uchungu wako ni wa haki. Ulisoma aya ya kumi ukafunga kitabu.

Mimi nimeng'ang'ania ile ya Wagalatia 6:9, "Tena tusichoke katika kutenda mema, maana tutavuna kwa wakati wake, tusipozimia roho." Usidhani naisoma kama mtu aliyeshinda. Nimechoka. Kuna Jumamosi nakoroga huku machozi yanaingia kwenye leso, mgongo unauma, unga wa mkopo, na mzazi mmoja analalamika kwamba uji wa leo ni mwepesi. Mwezi wa tano niliruka Jumamosi mbili. Nilijifungia ndani nikawasikia wakigonga bati la lango, wakinong'onezana, wakiondoka. Nilikuwa nasikia sauti yako, mbaya kuliko mtu asiyeamini, nikasema labda ni kweli, labda nilikuwa naufuata uji kwa sababu uji hauna kikohozi cha usiku, wala haukuiti mara tatu ukitaka maji. Ya tatu nikaamka nikawasha moto. Hakuna aliyenituma wala aliyenishukuru. Niliamka tu.

Sura hiyohiyo ya Wagalatia ina jambo ambalo nilitamani kukupigia simu nikwambie. Aya mbili mbele, Paulo anasema, "Tazameni ni kwa herufi gani kubwa nimewaandikia kwa mkono wangu mimi mwenyewe." Nilipofika hapo nikamwona mama. Unakumbuka alipotoka ngumbaru? Herufi ndogo hakuzijua kabisa. Kila jina alilibandika kwa herufi kama za kibao cha duka, jina moja mistari miwili ya daftari, anaibana kalamu mpaka karatasi inatoboka.

Daftari lake la Jumamosi ndilo ulilolitafuta siku ya kugawana vitu, ukasema mbele ya mjomba kwamba nimelificha, nami nikaapa silijui. Nililificha, kaka. Lilikuwa chini ya godoro langu. Nisamehe kwa kiapo kile. Wewe ulikuwa umeondoka na redio na picha ya harusi yao, nikaona hata hiki utakibeba.

Ukurasa wa mwisho ni wa Jumamosi kabla hajafa. Una majina 31 ya watoto, kila moja na alama ya vema ya kuonyesha ameshakula. Chini yao, peke yake, kuna jina lako, lile la utotoni ambalo mama pekee ndiye aliyekuwa akikuitia. Nalo lina alama ya vema. Nimelitazama mara nyingi. Wewe siku ile ulikuwa Changamwe.

Jiko lako limekatika mguu mmoja, palepale ulipouungia. Tangu Agosti nimeegemeza kipande cha jiwe, na sufuria inakaa upande, uji unamwagika nikisahau. Fundi wa hapa Maweni alitaka kuliunga nikamwambia aliache. Mwiko niliuokota majivuni siku ileile ulipoingia ndani. Umeungua ubavu mmoja lakini haujapasuka, na ndio huohuo ninaokorogea.

Jumamosi nawasha moto saa kumi na moja alfajiri. Watoto huanza kufika saa moja. Daftari nitaliweka mezani.

Ni mimi, dada yako.