Barua kwa Wazazi na Walezi: Ule Mstari wa "Tabia" Kwenye Ripoti

Ndugu mzazi/mlezi,

Muhula umekwisha na mtoto amekuletea ripoti yake. Ukishatazama alama na nafasi aliyoshika, naomba usiifunge upesi. Chini kuna mstari ulioandikwa "Tabia". Huo ndio ulionifanya nikuandikie.

Mstari huo umezoea kujazwa kwa neno moja: nzuri, au ya kuridhisha. Mara nyingi maana yake ni kwamba mtoto hakupiga kelele, hakuchelewa, wala hakuitwa ofisini. Hayo ni ya maana na siyadharau. Lakini mtoto mtulivu si lazima awe mtoto mwema. Yupo mwanafunzi asiyevunja kanuni hata moja, ila mwenzake akikwama kusoma kwa sauti na darasa likamcheka, naye hucheka. Yupo mwingine, mtundu, anayekemewa kila mara kwa kuzungumza, na siku hiyo ndiye pekee aliyesema, "Mwacheni." Kwa neno moja, wa kwanza angeandikiwa "nzuri" na wa pili "ajirekebishe". Kwa sababu hiyo, safari hii nimewaomba walimu wa madarasa waandike jambo ambalo mtoto amelitenda.

Muhula huu mwanafunzi mmoja alimrudishia mwalimu karatasi yake ya mtihani kwa kuwa alama zilikuwa zimejumlishwa vibaya, na kosa lenyewe lilikuwa la kumfaidisha. Alama zikapunguzwa, nafasi ikashuka. Asingesema, hakuna ambaye angejua. Simtaji, maana hakufanya ili atajwe, lakini kwangu hakuna matokeo ya muhula huu yaliyonifurahisha kuliko hayo.

Mtoto hufikaje hapo? Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alifundisha kwamba mtu huwa mwadilifu kwa kutenda ya uadilifu, kama mjenzi anavyoupata ujenzi kwa kujenga. Mawaidha peke yake hayafiki mbali. Miaka ya 1920 huko Marekani, watafiti Hugh Hartshorne na Mark May waliwapima maelfu ya watoto kwa kuwawekea mazingira ambamo wangeweza kudanganya, wakaona kwamba mtoto aliyekuwa mwaminifu katika jambo moja aliweza kudanganya katika jingine. Kwa hiyo tusikimbilie kumwita mtoto "mwongo" kwa uongo mmoja, wala tusijiaminishe kwamba wetu hawezi. Wapo wasemao tabia haina dawa. Kwa mtu mzima sitabishana sana. Kwa mtoto sikubali.

Jambo ninalotaka tulitafakari zaidi ni hofu. Wengi wetu tulilelewa kwa fimbo na tunaamini ndiyo iliyotunyoosha. Mwaka 2011 watafiti Victoria Talwar na Kang Lee walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya na watoto wa miaka mitatu na minne katika shule mbili za Afrika Magharibi, moja ya viboko na adhabu kali, nyingine isiyotumia viboko. Kila mtoto aliambiwa asigeuke kuangalia kitu cha kuchezea kilichokuwa nyuma yake, kisha akaachwa peke yake. Katika shule zote mbili wengi waligeuka. Walipoulizwa, karibu wote waliogeuka katika shule ya adhabu kali walikana, na uongo wao ulikuwa umepangika zaidi. Katika ile nyingine waliokana walikuwa zaidi kidogo ya nusu. Yaani ukali haukuwazuia kuangalia, ila waliokuwa chini yake ndio waliokuwa hodari zaidi wa kuficha.

Sisemi mtoto aachwe afanye apendavyo. Akivunja, atengeneze au asaidie kulipia kwa kazi. Akimuumiza mwenzake, aende mwenyewe akamwombe radhi. Lakini akija kukueleza kosa kabla hujaligundua, mwache aone kwamba kusema kweli kumemsaidia. Mshukuru kwanza, ndipo mzungumzie kosa. Ukianza na kosa, safari ijayo hatakuja.

Nasi watu wazima tunatazamwa. Mzazi anayemwambia mtoto apokee simu na kusema "hayupo", hali yupo pale pale, ametoa somo ambalo sisi shuleni tutahangaika nalo muhula mzima. Hali kadhalika kazi za likizo. Kila tunapofungua tunapokea madaftari yenye mwandiko wa mtoto na majibu ya mtu mzima, na mtoto anajua kwamba tunajua. Tafadhali mwache akosee. Kazi yenye makosa yake mwenyewe ina thamani kwetu kuliko kazi safi isiyo yake, na hakuna atakayeadhibiwa kwa jibu lisilo sahihi.

Likizo pia ni nafasi ya kumpa mtoto jukumu linalowategemeza wengine: kumwangalia mdogo wake, kumsaidia babu au bibi, kutunza fedha ndogo ya matumizi na kuitolea hesabu. Mpe bila kumsimamia kila hatua.

Mwisho wa ripoti kuna nafasi ya maoni ya mzazi, ambayo wengi huirudisha tupu au ikiwa na sahihi tu. Safari hii naomba uandike jambo moja jema ambalo mtoto wako amelifanya likizoni bila kuagizwa, na mazingira yake. Mwalimu wake wa darasa atalisoma wiki ya kwanza, kisha atakaa na mtoto walizungumze. Ripoti irudishwe siku ya kufungua shule.

Wako katika malezi,

Mwalimu Mkuu