Mhariri, kimo cha nguzo sio idadi

Mhariri,

Mimi gazeti lenu nalisoma hapa Malindi na grafu zake nawaonyesha watoto wa tuisheni, ila wallahi kuna kitu kinanikera. Mkichora histogramu, yaani grafu ya nguzo ya vitu vinavyopimwa kama umri au uzito, mnaangalia urefu wa nguzo tu, upana hamna habari nao.

Hebu tufanye mfano wa kubuni, samaki wamepimwa wakiteremshwa. Kilo 0 mpaka 1 wako 20, kilo 1 mpaka 2 wako 30, 2 mpaka 3 wako 24, halafu 3 mpaka 8 mkawatia wote kapu moja, 40. Sasa mkisimamisha nguzo ya 40 juu ya upana wa kilo tano msomaji anaona bahari yetu ni nguru na kolekole wakubwa wakubwa tu, kumbe hao 40 wametawanyika, ukigawanya kwa 5 ni 8 kwa kila kilo, na kundi lililosongamana zaidi ni lile la kilo 1 mpaka 2. Kwenye histogramu idadi inasomwa kwenye eneo la nguzo, kwa hiyo kimo ni idadi gawanya kwa upana wa kundi. Ile nguzo pana inashuka mpaka 8 na picha yote inageuka. Na mtu asije akasema basi wa kilo 3 mpaka 4 ni 8 kamili, hayo ni makisio tu, tumechukulia wametawanyika sawasawa.

Halafu nguzo zigusane jamani, uzito hauruki. Nafasi katikati ni ya grafu ya aina za samaki, changu, tafi na pono, maana hakuna samaki aliye nusu changu nusu tafi.

Urefu uliokadiriwa kwa sentimita iliyo karibu zaidi, makundi ya 10-19 na 20-29, mpaka wao ni 19.5, ndio nguzo zikutane. Lakini umri msiutie hiyo nusu, mtu anajiita wa miaka 24 mpaka siku anayotimiza 25, basi kundi la 20-24 linaishia 25. Hapa hata walimu wanateleza.

Na lile kundi la mwisho la umri, "60 na zaidi", upana wake ni upi? Andikeni chini mmelifungia wapi. Kama nafasi ni finyu wekeni jedwali tu, wanafunzi wangu watachora wenyewe.

Mwalimu wa tuisheni,
Malindi