Mnashangilia ruzuku bila kuuliza itadumu miaka mingapi

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu tangu enzi za kulifungua kwa mikono yangu miwili, na sijawahi kuwaandikia. Yaliyonikera niliyameza. Ila ile taarifa yenu ya serikali kutenga fedha za utafiti wa majeraha ya uti wa mgongo, ile yenye picha ya mheshimiwa ameinama akimpa mkono kijana aliye kwenye kiti cha magurudumu, imenikwama kooni. Mmetueleza kiasi. Mmetueleza nani alipiga makofi. Kama fedha hizo ni za mwaka mmoja au za miaka kumi, kimya, na sioni dalili kwamba mwandishi wenu aliuliza.

Naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo mtaniwia radhi nikiruka maneno ya adabu.

Baada ya ajali iliyonivunja shingo, niliingizwa kwenye utafiti wa kuchochea uti wa mgongo kwa umeme kupitia ngozi ya shingo, huku mtu akifanya mazoezi ya mikono. Hakuna uchawi hapo. Kwa wengi wetu uti haukatiki wote. Zinabaki nyuzi chache za neva ambazo peke yake hazina nguvu ya kufikisha amri ya ubongo, na umeme ule huziamsha kiasi cha mazoezi kuzaa matunda. Chombo cha aina hiyo kiliidhinishwa Marekani Desemba 2024, kwa ajili ya mikono ya watu kama mimi. Wakati wangu kilikuwa bado cha majaribio. Mkono wa kulia ulianza kubana. Nikashika kikombe bila kukiangusha. Nikajipeleka mswaki mdomoni, na asiyewahi kupigwa mswaki na mwanawe wa kumzaa asinieleze kwamba hilo ni dogo.

Kisha asubuhi moja msimamizi akanipigia simu: “Usije leo, mzee wangu. Muda wa ruzuku umekwisha, na nyingine haijapitishwa.” Chombo kilikuwa kizima, Mhariri. Kilifungiwa kabatini, maana nje ya utafiti hakukuwa na kibali cha kukitumia. Wataalamu wa mazoezi waliofundishwa kazi ile kwa gharama ya umma wakatafuta ajira kwingine, na nani awalaumu, watoto wao hula kila siku hata bajeti ikichelewa. Kwa kuwa washiriki hatukufika idadi iliyotakiwa, matokeo yetu hayakuchapishwa. Jasho letu halikuingia hata kwenye jedwali moja. Fedha zilizotangulia zikawa zimemwagwa. Ruzuku nyingine ilipopatikana, kazi ilianza sifuri: kibali kipya cha kamati ya maadili, wataalamu wapya wa kufundishwa upya, washiriki wapya. Mimi sikukidhi vigezo vipya. Mkono umerudi ulivyokuwa. Na kuna mtu ofisini, nina hakika, aliyeandika kwenye ripoti yake kwamba mwaka ule aliokoa fedha! Ningependa kukutana naye. Anisaidie kushika kikombe huku akinionyesha hesabu.

Neva hazijui mwaka wa fedha unaishia mwezi gani. Mwaka 1988 mtafiti Martin Schwab na mwenzake huko Zurich, Uswisi, walieleza kwamba ndani ya uti wenyewe mna protini zinazozuia neva zilizokatika kuota tena, na kwamba kingamwili, yaani protini ya kinga inayozinasa, inaweza kuzinyamazisha. Jaribio kubwa la kingamwili hiyo kwa binadamu, lililogharamiwa kwa sehemu na Umoja wa Ulaya na serikali ya Uswisi, lilitoa matokeo mwishoni mwa 2024. Hayakuwa muujiza: waliobakiwa na nyuzi walionekana kupata nafuu kidogo, waliokatika uti kabisa hawakupata. Hesabuni wenyewe miaka iliyopita hapo katikati, kisha mniambie ni mabunge mangapi yangekuwa yameshafuta kifungu hicho ili kununua magari.

Na yule mshauri mliyemnukuu akisema serikali ifungue tu njia, kampuni binafsi zitaleta tiba! Geron, kampuni ya Marekani, ilianza Oktoba 2010 kupandikiza seli zilizotokana na seli shina, zile changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine, kwa watu waliotoka kuumia uti. Novemba 2011 ikaacha. Haikusema kwamba seli zimedhuru mtu. Ilisema fedha ni adimu, ikachagua kuzielekeza kwenye dawa za saratani. Waliokuja kuifufua kazi ile mwaka 2014, wakaipa ruzuku kampuni nyingine iliyoichukua, walikuwa wakala wa umma wa jimbo la California. Mshauri alisema pia kwamba jeraha hili halina tiba, hivyo busara ni kupeleka fedha kwenye maradhi yanayotibika. Mwandishi wa mafunjo ya Edwin Smith, maandishi ya kale ya utabibu huko Misri, karibu mwaka 1600 kabla ya Kristo, naye aliliweka kwenye kundi la maradhi yasiyotibiwa. Yeye alikuwa na udhuru. Tangu 1981, pale watafiti David na Aguayo walipoonyesha huko Montreal, Kanada, kwamba nyuzi za uti huweza kuota zikipewa njia ya neva ya pembeni, yaani ya nje ya ubongo na uti, udhuru huo umekwisha.

Nikiwa bado na hasira, kuna hili lenu la “atatembea lini?” Kila mwandishi akimkuta mtu kwenye kiti, swali ni hilohilo, na wanasiasa wamelidaka: fedha ziende kwenye kinachopigika picha, mtu akisimama. Mwaka 2004 mtafiti Kim Anderson alichapisha majibu ya watu 681 waliopooza, walioulizwa ni kipi kikirudi kitabadilisha maisha yao. Waliopooza mikono na miguu walitaja mikono kwanza. Waliopooza miguu walitaja tendo la ndoa. Kibofu na choo vilikuwa juu kwa wote wawili. Lakini nani atakata utepe mbele ya kibofu? Mimi kulazwa kwangu tangu ajali kumetokana na mkojo na vidonda vya kulalia, siyo na kutotembea. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya watu milioni 15 wanaishi na jeraha hili, na kwamba uwezekano wetu wa kufa mapema ni mara mbili hadi tano ya watu wengine. Hatuuawi na kukaa.

Fedha zipo. Ajali za barabarani ni miongoni mwa visababishi vikuu vya jeraha hili, basi walipe wanaozisababisha. Jimbo la New Jersey, Marekani, limekuwa likichukua dola moja kwenye kila faini ya barabarani kwa ajili ya utafiti huu tangu 1999. New York walikuwa na sheria ya jinsi hiyo mwaka mmoja kabla, ila bajeti ilipobana wakubwa wakazichota fedha hizo kwa matumizi mengine kwa miaka kadhaa, kwa hiyo sheria itakayotungwa iwe na kufuli. Ruzuku isitolewe kwa chini ya miaka mitano. Anayetaka kuikatisha katikati aje mwenyewe kwenye chumba cha mazoezi kutuambia, asimtume msimamizi kupiga simu.

Nanyi, mtakapochapa tena kichwa cha habari cha mamilioni, andikeni chini yake tarehe ambayo mamilioni hayo yatakoma. Kwa herufi za ukubwa uleule.

Msomaji wenu wa siku nyingi